Klachi: Historia ya Kifaa na Upungufu wa Istilahi Zake

Msamiati wa vyombo vya moto uliingia katika Kiswahili pamoja na vyombo vyenyewe, na aghalabu mafundi waliuunda kabla wataalamu wa lugha hawajaufikiria. Neno pikipiki ni mfano mzuri: halikutafsiriwa, bali liliigwa kutokana na mlio wa injini. Gia, breki, plagi na klachi yalikopwa, yakavishwa sauti za Kiswahili, nayo yamekubalika. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza neno klachi kwa kufuata historia ya kifaa chenyewe. Hatukulichagua kwa udadisi mtupu. Anayejifunza pikipiki hujifunza kwa kuamrishwa, na amri yenye maana mbili yaweza kumwangusha.

Yafaa ikumbukwe kwamba pikipiki za kwanza ziliendeshwa bila klachi ya aina tuijuayo. Mwaka 1894, mjini München, kampuni ya Hildebrand & Wolfmüller ilianza kuuza pikipiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, ikaiita Motorrad, yaani gurudumu la mota. Vyuma virefu viliunganisha pistoni na gurudumu la nyuma moja kwa moja. Kwa hiyo injini ilipozunguka, gurudumu nalo lilizunguka. Gurudumu liliposimama, injini ilizimika. Ilimbidi mwendeshaji aisukume pikipiki yake huku akikimbia, kisha airukie injini ikishawaka. Kila aliposimama kabisa njiani, kazi hiyo ilianza upya.

Haja ya kutenganisha injini na gurudumu ilikuwa dhahiri. Mwaka 1908 Mwingereza Alfred Angas Scott alitoa pikipiki yenye gia mbili na kiki ya kuwashia kwa mguu, na mwendeshaji akaweza kuondoka bila kukimbia. Hata hivyo mahali pa kuwekea klachi hapakuafikiwa upesi. Huko Marekani, kwa miaka mingi pikipiki za Harley-Davidson zilikuwa na klachi ya mguu na gia ya mkono. Ni mwaka 1952 kampuni hiyo ilipotoa aina ya K yenye klachi ya mkono na gia ya mguu. Mwaka 1958 Honda ya Japani ilileta Super Cub, ambayo klachi yake hujiendesha yenyewe na haina wenzo wa mkononi. Kwa pikipiki nyingi nyingine, mkono wa kushoto umebaki na kazi yake, na mwanafunzi amebaki na shida yake.

Shida hiyo haieleweki bila kujua yaliyo ndani. Klachi ya pikipiki nyingi ni mabamba ya duara yaliyopangwa kwa kupishana: moja huzunguka na injini, la pili na gia. Springi huyabana yote yashikane. Mwendeshaji anapovuta wenzo, waya huondoa mbano huo na mabamba huachana. Anapoulegeza polepole, mabamba huanza kusuguana, kisha hushikana kabisa. Baina ya kuachana na kushikana pana nafasi ndogo, na ndiyo siri yote ya kuondoka. Mwanafunzi huvuta wenzo hadi mwisho, hutia gia ya kwanza, huongeza mafuta kidogo, kisha hulegeza vidole mpaka ahisi pikipiki inataka kwenda. Hapo hana budi kutua kidogo kabla ya kuendelea kulegeza. Akifanya pupa, injini huzima au pikipiki huruka; akikawia mno mahali hapo kila siku, mabamba huungua na kulika.

Sasa tutazame lugha. Waingereza walikiita kifaa hiki kwa neno lenye maana ya kukamata kwa nguvu. Wajerumani hukiita Kupplung, kwa maana ya kuunganisha. Sisi tulikopa sauti bila maana, jambo ambalo si kosa, lakini kazi ya kueleza ikaangukia vitenzi. Na vitenzi tulivyozoea, kushika na kuachia, vinapingana na mambo yalivyo ndani: mkono ukishika, mabamba huachana, mkono ukiachia, mabamba hushikana. Tena kuachia hutumika vilevile kwa mafuta.

Mmoja wetu aliyaonja hayo mwilini. Alifundishwa katika uwanja wa mpira na mzee mmoja, dereva wa lori. Pikipiki ilipoanza kuelekea mtaroni, mzee alipaza sauti, “Achia! Achia!” Alikusudia mafuta, mwanafunzi akaachia klachi. Pikipiki iliruka, naye akatoka mtaroni na kifundo cha mkono kilichoteguka.

“Nilikwambia achia, mwanangu,” alisema mzee.

“Nami niliachia, mzee wangu,” akajibiwa.

Wote wawili walisema kweli. Kosa lilikuwa la istilahi.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, neno klachi libaki; limeenea, na kulibadili kungekuwa kuwasumbua watu bure. Pili, amri za mkono zitenganishwe na hali za mabamba: mkono uvute na ulegeze, mabamba yashikane na yaachane, na kwa mafuta pasemwe ongeza na punguza. Hivyo katika hatari mwalimu aweza kusema “Vuta klachi!” bila kueleweka vinginevyo. Tatu, ile nafasi ndogo ipewe jina. Wako wanaosema nusu klachi, wako wasemao kubalansi. La kwanza lapotosha, kwani mahali penyewe si lazima pawe nusu ya safari ya wenzo. La pili lataja juhudi ya mwendeshaji, si mahali. Sisi twaona mwanzo wa mshiko lingefaa, kwa kuwa humwambia mwanafunzi jambo la kungojea.

Vijana wengi leo hupata riziki kwa pikipiki, na wengi wao walifundishwa uwanjani na jamaa au rafiki, si darasani. Istilahi isiyofika uwanja huo itabaki karatasini tu. Twawaomba mafundi, walimu wa udereva na waendeshaji watuletee maneno wanayoyatumia, pamoja na makosa yaliyowahi kutokea kwa sababu ya maneno hayo.