Valentin Ickelsamer na Mtoto Ajifunzaye Kusoma

Tuzungumzapo juu ya Matengenezo ya Kanisa na elimu, kwa kawaida twaanza na waraka wa Martin Luther kwa madiwani wa miji ya Ujerumani wa mwaka 1524, alipowasihi waanzishe shule. Waraka huo wastahili heshima yake. Lakini shabaha yake haikuwa kueleza jinsi mtoto mdogo avukavyo kutoka herufi hadi neno, na hapo ndipo wengi walipokwama.

Desturi ya kale ilikuwa kukariri majina ya herufi, kisha kuyaunganisha. Mtoto alitamka "be, a", naye mwalimu akamwambia kwamba hiyo ni "ba". Kwa nini iwe "ba" wala si "bea"? Hakuelezwa, alipaswa kukubali tu. Hata Mwongozo wa Wakaguzi wa mwaka 1528, kazi ya Philipp Melanchthon, uliwapa wanafunzi wa kundi la kwanza kitabu chenye alfabeti, Sala ya Bwana na Imani, na lugha ya kufundishwa ikawa Kilatini pekee.

Mwaka mmoja kabla yake, Valentin Ickelsamer, aliyepata kuwa mwalimu huko Rothenburg ob der Tauber, alikuwa amechapisha kijitabu cha kufundisha kusoma Kijerumani kwa njia fupi. Yeye alianza na sikio. Mtoto alisikilize neno, alitenge katika sauti zake, atambue kazi ya midomo na ulimi, ndipo aoneshwe alama ya kila sauti. Katika sarufi yake ya baadaye alieleza kwamba r ni mngurumo wa mbwa aliyekasirika, na m ni mlio wa ng'ombe, midomo ikifumbwa. Azisikiaye sauti hivyo aweza hata kuliandika neno asilopata kuliona. Kwake jambo hili halikuwa la darasani tu: alitaka mtu wa kawaida alisome Neno la Mungu mwenyewe na kupima afundishwayo.

Mbona hakusikilizwa? Mwaka 1525 alikuwa amemtetea Karlstadt dhidi ya Luther, na bila shaka hilo halikumpatia marafiki Wittenberg. Hata hivyo, nadhani sababu kubwa zaidi ni kwamba walimu hufundisha kama walivyofundishwa. Serikali ya Prussia iliondoa rasmi njia ya majina ya herufi shuleni mwaka 1872, miaka 345 baada ya kijitabu kile.