Umri wa Kuta za Kale

Msomaji, ukikaa Liboi, karibu na mpaka wa Somalia, waweza kudhani kuwa historia ni mali ya watu wa pwani waliojenga kwa mawe. Maana nyumba ya mfugaji anayehama hufunguliwa ikapakiwa juu ya ngamia, na nyuma yake hubaki majivu na vishimo vya miti. Lakini angalia jinsi umri wa kuta za mawe unavyotambuliwa, nawe utaona kwamba hata vishimo hivyo ni ushahidi.

Ukuta wenyewe hausemi umri wake. Wa juzi huweza kubomoka mapema, na wa kale ukasimama. Kwa hiyo mchimbaji hutazama matabaka ya udongo. Ya chini kwa kawaida ndiyo yaliyotangulia. Akikuta chini ya msingi, katika udongo usiowahi kufukuliwa, kigae cha sahani ya Kichina ambayo wakati wa kutengenezwa kwake wajulikana, basi ukuta ule hauwezi kuwa wa zamani kuliko sahani hiyo. Makaa nayo hupimwa aina moja ya kaboni iliyomo, ambayo hupungua kwa nusu katika kila miaka 5,730 hivi.

Njia hiyo ilitumiwa huko Shanga, kisiwani Pate, ambako Mark Horton alianza kuchimba mwaka 1980. Chini ya msikiti wa mawe alikuta misikiti mingine iliyotangulia, na chini kabisa mashimo ya nguzo za miti, ya karne ya 8. Zamani wanachuoni wengi walifundisha kwamba miji ya pwani iliasisiwa na wageni kutoka Arabuni na Uajemi. Shanga ulionekana kuwa mji ulioanza kwa miti na udongo, ukakua hata kufikia mawe. Vyungu vyake vingi vilikuwa vya kienyeji, vya aina ambayo wataalamu wameipa jina la mto Tana, mto ule ule upitao Garissa.

Lau mchimbaji angaliridhika na kuta, angaliandika kwamba mji ulianza siku mawe yalipowekwa, na wakazi wa kwanza wangalisahauliwa.

Basi, mafundi wakichimba mtaro wa maji mjini kwenu wakafunua mawe yaliyopangwa, au majivu na vigae, usiviokote. Kigae kikiondolewa katika tabaka lake hakiwezi tena kutaja umri wa kitu kilichokuwa juu yake. Kiache palepale, umwarifu mwalimu wako, ili habari ifike Makumbusho ya Taifa.