Neno la Aliyeshindwa: Juu ya Mvuto wa Mashindano ya Dragi katika Televisheni

Dragi ni sanaa ya jukwaani ambayo msanii, kwa kawaida mwanaume, hujipamba kike na kumwigiza mwanamke kwa kutia chumvi nyingi. Mashindano yake yalipata makao ya kudumu katika televisheni ya Marekani tarehe 2 Februari 2009, kituo cha Logo kiliporusha kwa mara ya kwanza kipindi cha RuPaul's Drag Race. Washindani walikuwa 9, tuzo ilikuwa dola 20,000, na mshindi alikuwa BeBe Zahara Benet, mzaliwa wa Kameruni. Kufikia mwaka 2023 tuzo hiyo ilikuwa dola 200,000. Ufaransa nayo ilikuwa imepata kipindi chake mwaka 2022.

Wengi hueleza mvuto wa kipindi hiki kwa mavazi na vichekesho. Maelezo hayo si ya uongo, ila hayatoshi. Mavazi na vichekesho vya namna hiyo vilikuwepo katika kumbi za starehe kwa miaka mingi, wala havikumshika mtu nyumbani kwake juma baada ya juma. Kinachomshika mtazamaji ni hukumu, na zaidi ya hukumu, neno la yule aliyehukumiwa.

Jambo hilo lina historia ndefu. Katika miaka ya 1880, William Dorsey Swann, aliyezaliwa utumwani Maryland, aliandaa mjini Washington dansi za siri za wanaume waliovaa kike. Mwaka 1888 polisi waliivamia mojawapo na kuwakamata baadhi ya waliokuwemo. Baadaye, katika miaka ya 1920, dansi za kila mwaka za chama cha Hamilton Lodge huko Harlem zilivuta maelfu ya watu, weusi kwa weupe, na mwandishi Langston Hughes alizieleza katika kitabu chake The Big Sea cha mwaka 1940. Tayari walikuwepo watazamaji waliolipa ili kutazama tu, na tayari palitolewa zawadi. Palipo na zawadi pana mnung'uniko.

Mnung'uniko uliobadili mambo ulitokea New York mwezi wa Februari 1967, katika ukumbi wa Town Hall, kwenye shindano la urembo ambalo miongoni mwa waamuzi wake alikuwa mchoraji Andy Warhol. Taji lilimwendea Rachel Harlow, mzungu kutoka Philadelphia. Crystal LaBeija, msanii mweusi, aliondoka jukwaani, na nyuma ya pazia akamwaga yaliyokuwa moyoni: kwamba matokeo yalipangwa, kwamba mshindi hakustahili, na kwamba yeye ni mrembo na anajua kuwa ni mrembo. Kamera ilikuwapo, na maneno hayo yakahifadhiwa katika filamu The Queen ya mwaka 1968. Anayeitazama leo husahau upesi gauni la mshindi. Hasira ya Crystal haisahauliki, kwa kuwa nyuma yake limo swali zito: nani aliwapa waamuzi wale mizani ya kupimia uzuri wa mtu mweusi?

Crystal hakuishia katika kulalamika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, pamoja na Lottie LaBeija, alianzisha nyumba ya LaBeija na mashindano ya watu weusi wenyewe. Nyumba hapa si jengo, bali ni ukoo wa hiari wenye mama yake, uliowapokea vijana ambao wengi wao walikuwa wamefukuzwa na wazazi wao. (Kiswahili, lugha isiyobagua jinsia katika viwakilishi vyake, husimulia habari hizi bila kujikwaa pale Kifaransa kinapojikwaa.) Ulimwengu huo ndio ulioonyeshwa katika filamu Paris Is Burning ya mwaka 1990, ambamo Dorian Corey anaeleza maana ya "kumsoma" mtu: kuitambua kasoro yake na kuitaja kwa ufundi mbele ya wenzake. Msikilizaji wa taarabu ataufahamu mchezo huo bila mkalimani, maana mipasho ni jirani yake.

Televisheni iliurithi utaratibu huo na kuupa ratiba. Karibu katika kila msimu kuna siku ya kusomana. Kwa kawaida, mwishoni mwa kipindi, wawili waliofanya vibaya huigiza wimbo kwa midomo tu, na mmoja huondolewa. Lakini haondoki kimya: kwa rangi ya midomo huandika maneno ya kuaga juu ya kioo, na juma linalofuata wenzake huanza kwa kuyasoma, wengine kwa machozi, wengine kwa kejeli. Ni ufundi mdogo wenye akili nyingi, kwani mtazamaji aliyeichukia hukumu hupewa mahali pa kuiweka chuki yake.

Mwaka 2018, katika msimu wa tatu wa All Stars, yaani mashindano ya washindani wa zamani, msanii Aja alimwigiza Crystal LaBeija mbele ya kamera, na hasira ya mwaka 1967 ikawa mchezo wa kupimwa. BeBe Zahara Benet alikuwamo pia. Katika fainali, wenye kipindi waliwaachia walioondolewa kazi ya kuchagua wawili wa kugombea taji. Walioshindwa wakawa waamuzi. Wakamwacha Shangela, ambaye wengi walimtarajia, wakawapitisha Trixie Mattel na Kennedy Davenport. Trixie akachukua taji, na malalamiko ya watazamaji yakaanza upya.