Maseno: Shule Iliyojengwa kwa Madai ya Wanafunzi Wake

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, Nyanza ilifunguka kwa wafanyabiashara, watoza kodi na wamisionari. Mwaka 1906, Mchungaji J. J. Willis wa Church Missionary Society alianzisha shule huko Maseno, mashambani magharibi mwa Kisumu, karibu na mstari wa ikweta, mahali ambapo nchi ya Waluo inapakana na ya Waluyia.

Wamisionari waliweka mkazo kwenye kazi za mikono. Wanafunzi walikuwa na shauri lao. Mwaka 1908, shule ikiwa na umri wa miaka miwili tu, waligoma wakitaka kazi ipunguzwe na masomo yaongezwe. Jembe walikuwa wamelizoea tangu utotoni. Kalamu ndiyo iliyokuwa ngeni, na kwa kalamu serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwaandikia wazazi wao kodi na kuwapangia ardhi.

Mbegu ya mgomo ule ilizaa nje ya shule. Desemba 1921, watu walikutanika Lundha, Gem, na kikaanzishwa chama cha Young Kavirondo Association, ambacho wananchi walikiita Piny Owacho. Jonathan Okwiri, mwenyekiti wake, alikuwa mwalimu aliyesoma Maseno. Chama kilipinga hati ya kipande, kazi za shuruti na kodi kubwa, na katika orodha hiyo hiyo kikadai serikali ijenge shule. Kwa viongozi hao, haki na elimu vilikuwa dai moja.

Mwaka 1928 aliwasili Edward Carey Francis, mwanahisabati kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge. Aliiongoza Maseno kwa ukali na bidii hadi mwaka 1940, alipohamia shule ya Alliance, Kikuyu. Katika miaka yake, elimu ya sekondari ilianza kutolewa Maseno, na vijana wa Nyanza wakaipata bila kuvuka Bonde la Ufa.

Jaramogi Oginga Odinga alisoma hapo na baadaye akarudi Maseno kufundisha, kabla ya kuwa makamu wa kwanza wa rais wa Kenya. Achieng' Oneko, aliyeshtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, naye ni mwana wa Maseno. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alipita hapo Barack Obama, baba wa rais wa 44 wa Marekani.

Baada ya uhuru, Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliziweka shule za misheni chini ya serikali, na makanisa yakabaki wafadhili. Leo Maseno ni shule ya kitaifa, na wanafunzi wake hutoka pembe zote za Kenya.

Historia ya shule hii huanzia kwa Willis na kutua kwa Carey Francis. Hao wanastahili heshima yao. Lakini waliotangulia kusema wazi kwamba Maseno iwe mahali pa masomo kamili ni vijana wa mwaka 1908, na mahali pao katika historia hiyo ni ukurasa wa kwanza.