Waliookoa pikipiki kuukuu

Kuiwasha pikipiki ya mwaka 1913 ni kazi ya mikono miwili, miguu miwili na subira ya mvuvi. Mwenyewe anafungua koki ya petroli, kisha anabonyeza kijiti kidogo juu ya kabureta, anabonyeza tena, mpaka petroli inachuruzika na kumlowesha vidole. Anasukuma pampu ya mkono iliyo kwenye tangi ili oili ishuke kwenye injini, maana nyingi za enzi hizo hazina pampu ya kujiendesha. Anarudisha nyuma kishikio cha cheche, kwa sababu cheche ikiwahi mno injini hurudisha teke. Halafu, kama pikipiki yenyewe haina kiki wala klachi, anaisukuma mbio barabarani. Ikikohoa, anadandia.

Kwa kawaida mwezi Machi, Jumapili moja, kazi hiyo hufanyika hadharani kwenye viwanja vya Epsom, kusini mwa London. Klabu ya pikipiki ya Sunbeam imekuwa ikiandaa safari ya kutoka huko hadi mji wa pwani wa Brighton tangu mwaka 1930, na sharti lake kuu halijalegezwa: pikipiki yoyote iliyoundwa mwaka 1915 au baadaye hairuhusiwi. Nyingine huvutwa na mkanda wa ngozi badala ya cheni. Mvua ikinyesha mkanda unateleza, na kwenye mlima mpanda pikipiki hushuka akakimbia kando ya chombo chake akikisaidia. Taa ni za kabaidi, zile ambazo maji hudondoka juu ya mawe yake na kutoa gesi ya kuwasha.

Mtu anayepita na gari lake la kisasa anaweza kudhani ni mchezo wa wazee wasio na kazi. Lakini bila watu hao, nyingi za pikipiki hizi zisingekuwepo hata kwa picha. Waswahili husema ya kale ni dhahabu. Katika Uingereza ya mwaka 1946, ya kale ilikuwa chuma chakavu.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha mwaka mmoja tu uliotangulia. Petroli iligawiwa kwa kadi, na mgao huo uliendelea hadi 1950. Serikali ilikuwa imetumia miaka ya vita kuhimiza wananchi watoe vyuma vya zamani vikayeyushwe, na kilichobaki kwenye mabanda kilikuwa kikiuzwa kwa fedha kidogo. Katika hali hiyo, tarehe 28 Aprili 1946, mpenda pikipiki aitwaye C. E. Allen, ambaye wenzake walimwita "Titch", aliwaalika wenye mapenzi kama yake wakutane kwenye kilima cha Hog's Back, karibu na Guildford. Walifika watu wasiozidi 40. Siku hiyo ilizaliwa Vintage Motor Cycle Club, ambayo leo ni miongoni mwa klabu kubwa za aina yake duniani.

Sharti la mwanzo lilikuwa kwamba pikipiki iwe imeundwa kabla ya 1931. Kwa hesabu ya wakati ule, hicho kilikuwa chombo cha miaka 15 hivi, umri ambao mwenye bodaboda wa leo angekiita kimeo. Wapita njia wangeweza kucheka. Baadaye klabu ililegeza sharti na kukubali pikipiki yoyote yenye zaidi ya miaka 25, hivyo kila mwaka mpya huingiza kundi jingine.

Uamuzi wao uliokuwa na uzito kuliko wote haukuhusu umri. Ulihusu matumizi. Pikipiki zisifunikwe turubai wala zisiwekwe nyuma ya kamba watu wakazitazama, bali ziendeshwe. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 klabu hiyo huandaa safari ya Banbury kwa zile za kabla ya 1931, na kwenye njia hiyo kuna mlima mkali wa Sunrising Hill. Watazamaji hujipanga kando yake mapema, maana hapo ndipo hujulikana nani alishusha injini kwa uangalifu na nani alipaka rangi tu.

Sheria hiyo ya kuendesha ilizaa mambo mengine yote. Pikipiki inayotembea huharibika, na ikiharibika inataka kipuri, na kipuri kikikosekana lazima apatikane fundi wa kukichonga. Ili fundi akichonge, lazima pawepo mchoro. Hivyo klabu ikawa maktaba.

Vizazi vya wapenzi hawa havikufanana. Wale wa Hog's Back walikuwa watu wa makoti marefu na kofia za kitambaa. Waliofuata walikuwa vijana wa jaketi za ngozi, na makao yao yalikuwa mkahawa wa Ace, kwenye barabara ya North Circular jijini London. Mkahawa huo ulifunguliwa mwaka 1938 kwa ajili ya madereva wa malori, ukabomolewa na mabomu ya vita, ukajengwa upya mwaka 1949. Kufikia miaka ya 1950 ulikuwa umejaa vijana waliokuwa na mishahara yao ya kwanza mfukoni. Walinunua Triumph, BSA na Norton, wakang'oa kila kilichoongeza uzito, wakashusha usukani na kushindana barabarani. Waliokuwa mafundi zaidi walichukua injini ya Triumph wakaifunga kwenye fremu ya Norton, iliyosifika kwa kushika kona. Mseto huo wakauita Triton. Lengo la wengi lilikuwa kufika maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160.

Magazeti ya wakati huo yaliwaita wahuni, hasa baada ya ugomvi wao na vijana wa skuta katika miji ya pwani mwaka 1964. Kasisi mmoja wa Kianglikana, Bill Shergold, aliona vingine. Mwaka 1962 alipanda pikipiki yake kwenda Ace kuwaalika vijana hao kwenye ibada. Kwa simulizi yake mwenyewe, mara ya kwanza hofu ilimshika akapita bila kusimama. Aliporudi walimsikiliza. Kikundi cha pikipiki cha klabu yake, iliyoitwa 59 Club kwa sababu ilianzishwa mwaka 1959, kilivuta maelfu ya vijana, na beji yake hadi leo hushonwa kwenye jaketi za ngozi.

Hatari ilikuwa ya kweli, na ilijulikana zamani. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, yule askari na mwandishi aliyepigana Uarabuni, alianguka na pikipiki yake aina ya Brough Superior karibu na nyumba yake Dorset, akafa siku sita baadaye kwa majeraha ya kichwa. Alikuwa amekwisha kumiliki saba za aina hiyo. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, hakuisahau kesi hiyo. Alichunguza vifo vya wapanda pikipiki wa jeshi na mwaka 1941 akachapisha matokeo yaliyoonyesha faida ya kofia ngumu. Jeshi likazifanya za lazima kwa watarishi wake, na mwaka 1973 sheria hiyo ikawahusu wapanda pikipiki wote wa Uingereza. Kofia anayoidai askari wa trafiki Ubungo au Thika inatokana na mlolongo huo.

Ace ilifungwa mwaka 1969. Mwaka huohuo kampuni ya Honda ya Japani ilileta pikipiki ya CB750.

Wajapani hawakuja ghafla. Soichiro Honda alikwenda kuangalia mashindano ya pikipiki ya TT ya Kisiwa cha Man mwaka 1954, pikipiki zake zikashiriki mara ya kwanza mwaka 1959, na mwaka 1961 Mike Hailwood akashinda kwa Honda katika daraja la cc 125 na la cc 250. Wakuu wa viwanda vya Uingereza walijifariji kwamba hizo ni pikipiki ndogo, za kumfundishia mteja ambaye akikua atanunua ya Mwingereza. CB750 ilikuwa na silinda nne, swichi ya kuwashia na breki ya diski mbele. Zaidi ya hayo, haikuvuja. Pikipiki nyingi za Kiingereza ziliunganishwa injini kwa mstari wa wima, na oili ilipenya kwenye maungio hayo. Honda waliunganisha kwa mstari wa ulalo, juu ya usawa wa oili. Wenye BSA walikuwa na mzaha wao: ukikuta chini hakuna doa la oili, ujue ndani imekwisha.

BSA, kampuni ya Birmingham iliyoanzia kwenye utengenezaji wa bunduki mwaka 1861 na ambayo katika miaka ya 1950 ilikuwa mtengenezaji mkubwa wa pikipiki duniani, ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wafanyakazi wa Triumph huko Meriden walipoambiwa mwaka 1973 kwamba kiwanda kinafungwa, walifunga lango wenyewe wakakataa kutoka, na hatimaye wakakiendesha kwa ushirika hadi 1983. Vincent, waliounda Black Shadow yenye kufika maili 125 kwa saa, walikuwa wameacha kuunda pikipiki tangu 1955.

Kiwanda kikifa, nani atamuuzia mteja ringi za pistoni? Hapo ndipo klabu zilipoacha kuwa mahali pa kunywea chai tu. Klabu ya wenye Vincent, iliyoanzishwa mwaka 1948, iliunda kampuni yake ya vipuri katika miaka ya 1970, na ikafikia hatua ya kuunda Black Shadow nzima kwa vipuri vipya vitupu. Maktaba ya klabu ya Titch Allen ilipokea madaftari ya viwanda vilivyokufa, yaliyoandikwa namba ya kila injini na fremu, na tarehe iliyotoka kiwandani. Mtu akifukua mabaki ya pikipiki bandani, klabu inaweza kumwandikia hati ya umri wake, na mamlaka ya usajili ya Uingereza huikubali hati hiyo.

Umuhimu wa ujuzi huo ulipimwa Septemba 2003. Moto uliwaka katika Makumbusho ya Taifa ya Pikipiki karibu na Birmingham, yaliyofunguliwa mwaka 1984, na zaidi ya pikipiki 300 zikateketea. Nyingine zilibaki mafremu yaliyopinda na alumini iliyoyeyuka kama nta. Makumbusho yalifunguliwa tena Desemba 2004, na pikipiki nyingi zilirudishwa katika hali yake, kwa sababu walikuwepo watu waliojua kila nati ilikaa wapi. Hata spana ni elimu: ya milimita 10 au 12 haitoshi kwenye BSA ya zamani, maana nati zake zimekatwa kwa vipimo vya Whitworth.

Siku hizi mapenzi haya yana bei. Mwaka 2018 Vincent Black Lightning ya mwaka 1951 iliuzwa kwa mnada Las Vegas kwa dola 929,000. Wanachama wengi hawako huko. Wanahangaika na BSA Bantam ya cc 125, mfano ulionakiliwa kutoka DKW ya Ujerumani baada ya vita, pamoja na petroli mpya iliyochanganywa ethanoli asilimia 10, inayolainisha mipira ya kabureta za zamani. Ace nayo imefufuka. Ilifunguliwa upya mwaka 2001, na wanaojaza maegesho yake ni pamoja na wale vijana wa jaketi, sasa wenye mvi.

Afrika Mashariki nayo imo katika historia hii. Tarehe 11 Desemba 1934 wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London na Panther ya cc 600 yenye kigari cha pembeni na tela nyuma. Walivuka Sahara, injini ikawafia kabla ya kufika Agadez, wakasubiri nyingine kutoka Uingereza. Wakaendelea kupitia Kongo, Uganda, Kenya na Tanganyika, na tarehe 29 Julai 1935 wakaingia Cape Town. Wallach baadaye alikuwa mtarishi wa pikipiki wa jeshi, kisha fundi na mwalimu wa kuendesha pikipiki nchini Marekani. Njia walizopita huku kwetu zilikuwa za vumbi na matope, na pikipiki ilikuwa chombo cha wachache: ofisa, mmisionari, mfanyabiashara.

Baada ya uhuru ikawa ya bwana shamba, mganga wa wilaya, katekista wa parokia yenye vigango ishirini. Honda, Yamaha na Suzuki zao zilifika vijiji ambavyo gari halikufika. Leo, mahali pake pamejaa Boxer na za Kichina, na zile za zamani zimelala nyuma ya nyumba, kuku wametaga juu ya kiti, zikimsubiri mnunuzi wa vyuma vya kilo. Kwa kanuni ya miaka 25, nyingi zimekwisha kufuzu.

Kwa hiyo, mwenye pikipiki ya namna hiyo ya marehemu baba au babu, kabla hajaita mizani, achukue kitambaa na mafuta ya taa kidogo, asugue shingo ya fremu na ubavu wa injini, anakili namba zilizogongwa hapo, na aitunze kadi yake ya usajili kama bado ipo.