Kabla ya Kushusha Giaboksi

Kibao kinasema Barabara ya Kirinyaga, lakini ukimwambia makanga akushushe Kirinyaga atakuangalia kidogo kabla ya kuelewa. Watu bado wanasema Grogan. Jina la Ewart Grogan, mlowezi aliyewachapa Waafrika viboko mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907, limebaki midomoni mwa watu wanaouza bampa na taa za gari, na wengi wao hawana habari naye kabisa. Huko ndiko mjomba wangu alikojifunza kazi miaka ya 1980, kijana wa kushika spana na kutumwa chai.

Wakati huo giaboksi ya otomatiki ilikuwa kitu cha kuogopwa. Magari mengi ya Kenya yalikuwa ya gia za mkono. Otomatiki ilikuwa ya wakubwa, na mara nyingi ilikuwa ndani ya Mercedes. Kiswahili kilishatunga neno Wabenzi tangu miaka ya kwanza ya uhuru, kana kwamba wenye magari hayo ni kabila jingine lililohamia hapa na ng'ombe wake. Fundi aliyeweza kutibu gari la Mbenzi hakulala njaa.

Teknolojia yenyewe haikuwa ngeni duniani. General Motors ilianza kuuza Hydra-Matic mwishoni mwa 1939, katika Oldsmobile za mwaka 1940, na vita vilipopamba moto giaboksi hiyo ikatiwa hata ndani ya vifaru vya Marekani. Kwa miongo iliyofuata, akili yote ya otomatiki ilikuwa oili. Pampu inasukuma, oili inapita kwenye vijia vyembamba vilivyopindapinda, vali zinafunguka na kujifunga kulingana na kasi ya gari na uzito wa mguu wa dereva. Hakuna waya unaoamua gia ya tatu iingie lini.

Mjomba alizijua zile za Mercedes za gia nne, zilizokuwa ndani ya 123 na 126. Ubavuni mwake kulikuwa na kikombe kidogo kilichounganishwa na injini kwa mpira mwembamba, kinachohisi mvuto wa hewa. Mpira ukipasuka, gia zinaingia kwa teke. Utando ndani ya kikombe ukitoboka, injini inaanza kuvuta oili ya giaboksi na kuichoma, moshi mweupe unatoka nyuma na mwenye gari anadhani injini imekwisha. Mjomba alikuwa akichomoa mpira ule, anaweka kidole, ananusa. Alichovya kijiti cha kupimia, akapaka tone la oili kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu safi ni uzima. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, basi klachi zimeungua, na hapo ndipo giaboksi inashushwa.

Ilikuwa tiba ya pua, kidole na sikio, na ilimtosha kwa miaka karibu ishirini.

Huko Ulaya mambo yalikuwa yamebadilika kitambo. Renault 16 ya mwaka 1969 ilikuwa na otomatiki yenye udhibiti wa elektroniki, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya ZF ilikuwa inatengeneza giaboksi zenye kompyuta kwa ajili ya BMW kubwa. Toyota nao hawakulala. Na Toyota, lazima niseme, walimwachia fundi wa kawaida mlango wazi: kwenye nyingi ya otomatiki zao za miaka ile unaunganisha matundu mawili ya soketi chini ya bonneti kwa kipande cha waya, halafu taa ya O/D OFF kwenye dashibodi inaanza kupepesa. Unahesabu inavyopepesa, unapata nambari ya hitilafu. Kipande cha waya tu! Mjomba alijifunza hilo asubuhi moja, na jioni alikuwa ameshawafundisha wenzake.

Mercedes walipoleta giaboksi yao mpya ya gia tano, 722.6, katikati ya miaka ya 1990, mlango huo ukafungwa. Soketi ilikuwepo, ya mviringo, yenye pini 38, lakini kuongea nayo kulihitaji mashine ya kampuni ambayo bei yake ilikuwa ndoto Grogan. Kijiti cha kupimia oili kiliondolewa. Bomba lake lilibaki, limefungwa kwa kizibo chenye pini ya plastiki inayovunjwa ukifungua, kwa kuwa oili ilisemekana ni ya maisha yote ya giaboksi. (Baadaye watengenezaji wenyewe walirudi kushauri ibadilishwe. Maisha yote, kumbe, yalikuwa na kilomita zake.) Ndani ya karai kulikuwa na bamba la umeme lenye sensa mbili za mzunguko, na solenoidi sita zilizofanya kazi iliyokuwa ikifanywa na shinikizo la oili peke yake. Kompyuta ya kuziamuru ilikaa mbali, ndani ya kisanduku kule juu chini ya bonneti.

Kompyuta hiyo ikitilia shaka chochote, inaacha kubadilisha gia. Ukisimama, ukaweka P, ukazima gari na kusubiri kidogo kabla ya kuwasha, inakupa gia ya pili na rivasi, basi. Unafika nyumbani ukichechemea, injini ikilia kama posho mill.

Magari haya yalianza kuonekana kwa watu wa kawaida mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sheria ya Kenya inakataa gari lililotumika likizidi miaka minane, kwa hiyo E-Class ya mwaka 1997 iliteremka Mombasa ikiwa na miaka sita au saba, bei yake ikiwa imeanguka na raba zake zimeshakakamaa. Kufikia 2009, serikali ilipowataka mawaziri waachane na magari makubwa na kupanda Passat za injini ya 1800, Mwalimu mstaafu angeweza kuwa Mbenzi. Kulitengeneza ndiko kulikomshinda.

Gari la kwanza la aina hiyo kuletwa kwa mjomba lilikuwa la mwenye duka la nafaka. Lilikwama gia ya pili. Mjomba alifanya alichojua: akavunja kizibo, akanusa oili, akaona haina rangi nzuri, akasema klachi. Giaboksi ikashushwa. Zilikuwa siku tisa za kazi na pesa nyingi za mwenye nafaka. Walipoirudisha, gari likatembea vizuri siku mbili, kisha likakwama tena kwenye gia ya pili. Wakatafuta giaboksi nyingine iliyotumika. Hiyo nayo ikakwama. Mwishowe mtu yule aliuza gari kwa bei ya vyuma, na kwa kuwa alikuwa muungwana hakumtukana mjomba, jambo ambalo mjomba anasema lilimuuma kuliko matusi.

Miaka mitatu hivi baadaye akaja Mwalimu, mzee aliyestaafu, na Mercedes ya rangi ya fedha. Alikuwa ametoka gereji moja kubwa ambako gari lilipimwa na mashine. Alileta karatasi. Ilisema sensa ya mzunguko, ilisema solenoidi, ilisema mawasiliano ya kompyuta. Walimwambia anunue giaboksi nzima.

Mjomba hakugusa giaboksi. Kati ya gari la kwanza na la pili alikuwa amekaa na kijana mmoja aliyesomea umeme, na kijana huyo ndiye aliyemfundisha kufuata waya badala ya sauti. Alifungua kile kisanduku chini ya bonneti, akachomoa soketi ya kompyuta, akaingiza kidole. Kilitoka chekundu.

"Mwalimu, njoo uone," akasema. "Giaboksi yako iko sawa. Hii kompyuta ndiyo imekunywa oili."

"Oili imefikaje huku juu, fundi?"

Imepanda ndani ya waya. Pale nyaya zinapoingia giaboksi kuna plagi yenye pini 13, na plagi hiyo inazibwa kwa vipete viwili vya raba. Joto la miaka linavikakamaza. Oili inavuja kidogo, lakini haidondoki yote chini ambako ungeiona. Nyingine inanyonywa katikati ya nyuzi za shaba, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, polepole, hadi inatokea kwenye kompyuta. Ikishalowesha pini, kompyuta inasikia mambo ambayo hayapo. Inalaumu sensa nzima. Inalaumu solenoidi nzima. Ile karatasi haikusema uongo. Iliandika yale kompyuta iliyosikia, na hakuna aliyeuliza kama masikio yake yako safi.

Walibadilisha plagi, kitu cha bei ya chakula cha mchana cha watu wachache. Kompyuta ilisafishwa kwa dawa ya kupuliza, ikaachwa ikauke kutwa nzima. Nyaya zilioshwa pia, kwa sababu zikibaki na oili ndani, ugonjwa unarudi. Oili ya giaboksi ikaongezwa na kupimwa ikiwa moto, nyuzi 80, kwa kijiti ambacho mjomba alikuwa amekichonga mwenyewe. Halafu wakapanda hadi Limuru, Mwalimu akiendesha, mjomba akiangalia sindano ya mizunguko ikishuka kila gia ilipoingia. Ya tatu. Ya nne. Walipofika pale barabara inapolala, ikaingia ya tano, na Mwalimu akacheka peke yake.

Nilimuuliza mjomba kama aliwahi kumtafuta yule mwenye nafaka. Alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa.

"Nilimwona Gikomba mara moja," akasema. "Akanisalimia vizuri sana. Nikashindwa kumwambia."