Adrian Atiman na elimu ya anatomia

Adrian Atiman alikuwa tabibu na katekista wa Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini-magharibi mwa uwanda wa juu wa Ufipa. Alitekwa utumwani utotoni, akakombolewa na Mapadre Weupe na kusomea udaktari Malta, kisiwa chenye shule ya anatomia na upasuaji tangu 1676. Alifika Karema 1889, eksirei ikiwa bado haijagunduliwa. Tabibu wa wakati huo alisoma mwili kwa vidole: bandama iliyovimba kwa malaria huguswa chini ya mbavu za kushoto, mgonjwa akivuta pumzi. Atiman aliifanya kazi hiyo hadi uzeeni, utumishi wa kustaajabisha. Alifariki 1956, miaka 7 kabla ya shule ya udaktari ya Dar es Salaam kuanzishwa. Hospitali ya Dr. Atiman, Sumbawanga, ina jina lake.